Kuifuata Pijo ya Baba Mpaka Taveta

Wenzangu wa ofisi ya walimu, tangu nirudi mnanipokea kwa swali moja: "Mwalimu, gari liko wapi?" Nikianza kujibu, kengele inalia. Wengine mmeshatangaza kwamba nilitapeliwa, na wengine kwamba nimelificha kwangu Maisaka, nyuma ya nyumba. Nimeandika ili msome kwa zamu, niache kuulizwa. Habari za pasi, tiketi na mihuri nimeziruka, maana hata mimi zilinichosha.

Baba yangu, Mzee Bura wa Sigino, wengi mmemfahamu akiwa tayari na fimbo, macho yake yameingia ukungu. Mimi nimemjua akiwa na Pijo. Ilikuwa pikapu, Pijo 504, rangi ya maziwa, iliyopanda mlima wa Dareda kwenda Bashnet na Dongobesh ikiwa na maharage, mbuzi, wagonjwa, na siku moja bibi harusi aliyekataa kukaa mbele kwa sababu alitaka watu wamwone. Baba aliiuza kwa mfanyabiashara wa maharage kutoka Kenya aliyeitwa Mutiso, mwaka uleule nilioingia chuo cha ualimu. Hakuna aliyeniambia kitu, lakini miaka yote nimeamini kwamba ada yangu ndiyo iliyolila lile gari.

Mwaka huu Baba ameanza kuiulizia. Jioni anakaa barazani, anainua kichwa na kusema, "Gari halijafika?" Ukimuuliza gari gani, ananyamaza. Nilivumilia wiki kadhaa, kisha nikafungua daftari lake la zamani, nikaikuta namba ya Mutiso, ambaye miaka ya nyuma alikuwa akimpigia kila Krismasi. Nilipiga bila kumwambia Baba.

"Nazungumza na Mutiso?"

"Eeh, hapa ni kwa Mutiso."

"Ile Pijo mliyonunua Babati, bado ipo?"

"Iko, mama. Na inauzwa."

Nilikuwa sokoni, nimeshika fungu la mchicha. Nililiacha pale pale nikaondoka.

Babati hadi Arusha

Niliyesafiri naye ni Baba Zuhura, mwenye duka la spea karibu na stendi. Ujanani alikuwa fundi, na ile Pijo aliifungua na kuifunga mara nyingi kuliko anavyoweza kukumbuka. Nilipomweleza, aliweka chini kikombe chake.

"Nakuja. Lakini ukumbuke, Mwalimu, gari ni karatasi. Bati linanunulika popote."

Nilidhani ni maneno ya wauza spea. Nilikuwa na nakala ya kadi ya zamani ya Baba, yenye namba ya chesisi, na nikaona hiyo inatosha. Yeye alibeba tochi, brashi ya waya, kitambaa, na chupa ya chai iliyomwagikia begi lake kabla hatujafika Minjingu. Mbele kidogo ya Makuyuni tairi la basi letu lilipasuka. Tulikaa kando ya barabara zaidi ya saa nzima, na Baba Zuhura akamsimamia dereva kana kwamba basi ni lake, mpaka dereva akamwambia, "Mzee, shikamoo, lakini niachie spana yangu."

Mimi nilikuwa nimekaa juu ya jiwe nikitazama upande tuliotoka. Nilikuwa mwanamke wa miaka arobaini na mitano, mwenye wanafunzi sabini darasani, na nilikuwa na hamu ya kuwa na baba ambaye nilikuwa nimemuaga asubuhi ileile. Sijui kama mnaielewa hali hiyo. Mtu yupo, anakula uji wako, na bado umemkosa.

Namanga

Upande wa pili wa mpaka tuliingia mgahawani. Baba Zuhura alisafisha koo.

"Dada, samahani, naomba chai ya rangi, kama ipo, tafadhali."

Mhudumu alicheka. "Mzee, unaomba ni kama uko kanisani."

"Mimi ni Mwislamu," Baba Zuhura akasema kwa heshima.

"Strungi mbili!" yule dada akapaza sauti jikoni.

"Sijaagiza strungi. Nimesema chai ya rangi."

Wakabishana hapo muda mrefu, yeye akikataa kitu ambacho ndicho alichokitaka. Chai ilipofika aliionja, akaniangalia, akainywa yote bila neno. Tulipotoka aliniambia, "Mwalimu, Kiswahili cha huku tuwe nacho makini." Ningemsikiliza kwa dhati, safari hii ingekuwa na aibu moja pungufu.

Emali

Tulibadili gari Athi River, tukafika Emali, mji tulioelekezwa kwa simu, jua likizama, tukalala. Asubuhi nilimwambia mwenye bodaboda kwamba tumekuja kuangalia gari. Alitupeleka moja kwa moja stendi. "Gari ya Nairobi hiyo, imebaki viti viwili." Ilibidi tumweleze upya, na ndipo akatupeleka juu ya mji, kwenye boma lenye ua wa michongoma.

Nilitegemea mzee. Aliyetoka alikuwa mwanamume wa miaka arobaini hivi, mchangamfu, shati limepigwa pasi. Alitukaribisha, akatuletea sahani za muthokoi, ambayo ni makande ya mahindi yaliyokobolewa, matamu kweli. Mimi sikuweza kula. Nilikuwa nimeshaiona. Ilikuwa chini ya banda la mabati, imepigwa rangi ya bluu, lakini pua yake ilikuwa ileile.

"Nenda," Baba Zuhura akaniambia.

Mlango wa kushoto ulikuwa bado unataka kuinuliwa kidogo ndipo ufunguke. Niliuinua bila kufikiri, mkono ulikumbuka wenyewe. Nilikaa kwenye kiti cha abiria, kiti cha mama yangu. Mama alikuwa hakosi safari ya Dongobesh; alikuwa akisema anakwenda kuhesabu magunia, lakini wote tulijua kwamba alipenda tu kukaa pale, kitenge kimefunika magoti, akimsimulia Baba habari za watu mpaka juu mlimani. Mimi nilikuwa nikikaa katikati yao, gia ikinigonga goti. Alifariki miezi michache kabla sijaenda chuoni. Sikuwa nimekaa mahali alipokaa yeye tangu siku hiyo, na nilipokaa nilisikia harufu ya petroli na vumbi la maharage, nikaweka paji la uso kwenye dashibodi, nikabaki hivyo.

Nje Baba Zuhura alikuwa ameinua boneti, anasugua na brashi yake. Alinisomea namba ya chesisi tarakimu moja moja, nami nikaifuatisha kwenye nakala ya Baba. Zote zililingana.

"Ndiyo yenyewe," alisema. Kisha akajifuta mikono, akamgeukia mwenyeji wetu. "Kadi iko wapi?"

Yule bwana alitoa pochi, akampa kitambulisho chake cha taifa. "Kadi si hii?"

"Kadi ya gari."

"Aa, logbuku!" Akaingia ndani kuileta.

Lakini Baba Zuhura alikuwa ameshakisoma kitambulisho, na mimi pia. Mwenyeji wetu aliitwa Kyalo. Logbuku ilipokuja, jina lililoandikwa lilikuwa Mutiso.

"Kumbe wewe siye Mutiso," nikasema.

"Mutiso ni kaka yangu mkubwa. Amesafiri. Gari ameniachia mimi niuze, na fomu ya kuhamisha ameshasaini." Alitutolea fomu. Sahihi ilikuwepo, na tarehe ya mwezi uliopita.

Baba Zuhura aliikunja ile fomu polepole akamrudishia. "Tutaitazama namba kwenye mtandao kwanza, halafu tutarudi."

"Haraka basi," Kyalo akasema. "Kuna mtu wa Nairobi anakuja kesho na pesa mkononi."

Saiba

Njia nzima ya kushuka mjini nilikuwa nimemkasirikia Baba Zuhura. Namba imelingana, logbuku ipo, sahihi ipo, anataka nini zaidi? Alikwenda kuswali Adhuhuri, nami nikaingia peke yangu kwenye saiba, chumba chenye kompyuta tatu kinachoendeshwa na mama mmoja mnene aliyekuwa akifuma fulana ya mtoto. Nilimpa namba ya gari atafute mwenye nalo. Alibonyeza, akangoja, akavua miwani.

"Mutiso," akasema. "Hii ni gari ya marehemu."

"Hapana, amesafiri. Mdogo wake kaniambia."

"Mama, mimi nilipika kwa hayo matanga. Tulimzika miaka mitatu sasa."

Niliitazama ile tarehe ya mwezi uliopita kichwani mwangu. Mtu aliyezikwa miaka mitatu alikuwa ameshika kalamu na kusaini mwezi uliopita, tena kwa herufi K, ambayo haimo katika jina lake, iliyopindwa mkia, na mimi kazi yangu ni kusahihisha miandiko. K ileile nilikuwa nimeiona asubuhi kwenye kitambulisho, kwenye sahihi iliyokuwa chini ya picha ya Kyalo.

"Mwenye mali ni bibi yake," yule mama akaendelea. "Walimfukuza baada ya mazishi, akarudi kwao Taveta. Anauza ndizi sokoni. Ulizia Mama Mumbua." Akanichapishia karatasi yenye jina la mwenye gari, akaipiga muhuri wa duka lake ingawa sikumwomba.

Nilitoka nje. Baba Zuhura alikuwa ameketi kwenye benchi akivaa viatu. Nilimweleza yote, kisha nikasema jambo ambalo bado ninalionea haya.

"Tununue hivyo hivyo."

Aliniangalia.

"Baba Zuhura, yule mzee hana muda. Akiligusa tu lile gari, akalisikia, inatosha. Halitakwenda popote, litakaa Sigino uani. Nani atauliza karatasi Sigino?"

"Mpakani watauliza."

"Utajua la kuwaambia."

"Ningelijua," alisema. Alifunga kamba ya kiatu cha pili taratibu. "Lakini umepata kumwona Mzee Bura akipakia mzigo wa mtu bila ya mwenyewe kuwepo? Sasa unataka kumkalisha kwenye gari la marehemu, na watoto wa marehemu hawajui hata liko wapi."

Niliinuka nikamwacha. Nilizunguka soko lote la Emali nikiwa na hasira, nikanunua embe, nikalila kwa kisu cha muuzaji, na nilipolimaliza hasira ilikuwa imebaki kwa mtu mmoja tu, na mtu huyo alikuwa mimi. Nilirudi benchini. "Twende Taveta," nikasema. Simu ya Kyalo iliita mara nne jioni ile. Ya tano niliipokea, nikamwambia tunakwenda kumwona mwenye mali. Hakupiga tena.

Barabara ya Voi

Mbele ya Mtito Andei lori lilikuwa limelala katikati ya barabara, na foleni ya malori ilienea mpaka macho yanapoishia. Abiria walishuka. Mama mmoja wa Kikamba aliyekuwa kiti cha nyuma yangu aligawa ndengu za kuchemsha, ambazo sisi tunaziita choroko, kwenye vifuniko vya ndoo, kila mtu kidogo, bila kuuliza jina. Aliponiuliza ninakwenda wapi, nilimwambia ninakwenda kumtafuta bibi wa marehemu, nimpelekee salamu na jambo la mali.

"Atakuwa amelia sana," alisema.

"Bila shaka, na uzee ule."

Alinitazama kwa mshangao, akaendelea kugawa ndengu.

Tulikaa pale kwa saa nne. Joto lilikuwa la kukausha mate. Niliwaza baridi ya Dongobesh, na moshi wa jikoni kwa shangazi, na Mama akishuka garini kwa kutanguliza mguu mmoja huku akisema bado habari haijaisha, Baba azime injini lakini asishuke. Na Baba alikuwa hashuki mpaka habari iishe. Nilitamani mtu wa kumuuliza ni habari gani zile zilizokuwa tamu hivyo. Nilikuwa katikati yao na sikuzisikiliza.

Voi tulilala. Nilinunua mikate laini na ugoro kwa ajili ya yule bibi, kwa kuwa nilihesabu kwamba bibi wa mtu mwenye umri wa Mutiso lazima awe amepita miaka tisini na hana meno. Baba Zuhura alinishauri niongeze fimbo. Nashukuru Mungu fimbo hazikuwepo.

Taveta

Siku ya gulio Taveta ni ndizi mpaka upeo. Tuliulizia Mama Mumbua, tukaelekezwa kwa mwanamke wa miaka hamsini, mrefu, aliyekuwa akipakua mikungu begani kama mwanamume.

"Shikamoo," nikasema kwa sababu nilikuwa nimejiandaa kusema shikamoo. "Tunamtafuta Mama Mumbua."

"Ni mimi."

"Hapana, yule mzee. Bibi yake Mutiso."

"Bibi yake Mutiso ni mimi."

Nilibaki na ugoro mkononi. Baba Zuhura ndiye aliyeelewa kwanza. "Mwalimu," alininong'oneza, "huku bibi ni mke." Mama Mumbua aliuangalia ule ugoro, akaiangalia ile mikate, akaniangalia mimi, na nilipomweleza nilivyodhani alicheka mpaka akaketi juu ya ndizi zake. Wenzake wakaja kuuliza, akawaeleza kwa Kitaveta, nao wakacheka. Nilicheka pia. Kisha nikamwonyesha picha za gari kwenye simu, na kicheko kikaisha.

Alizitazama muda mrefu, akizikuza kwa vidole.

"Hii ni ya lini?"

"Juzi."

"Waliniambia injini ilikufa, wakaikata ikauzwa chuma chakavu." Alirudi kwenye picha ya kwanza. "Kyalo mwenyewe aliniambia. Aliniapia."

Nilimpa karatasi ya saiba. Alilisoma jina la mumewe kwa kidole. Akauliza kwa sauti ndogo, "Mlango wa kushoto bado unainuliwa?"

"Bado."

"Mutiso alikataa kuutengeneza. Alisema mzee aliyemuuzia alimwambia aache hivyo." Alikunja karatasi, akaifungua tena. "Alinifundisha kuendesha humo. Hapa hapa, njia ya mkonge, tulipokuja kuwasalimia wazazi. Niligonga mti, akacheka. Wewe unaitakia nini?"

Nilimweleza habari za Baba, za jioni, za ada. Nilimwambia kila kitu, na nilipomaliza nilimuuliza nilichokuja kuuliza: akifuata mirathi mahakamani na gari likawa na jina lake, ataniuzia?

Aliita mteja, akampimia, akamrudishia chenji. Nilikuwa nikiomba, nasema ukweli, nilikuwa nikiomba kimoyomoyo kama mtu mwenye njaa.

"Ningekuwa naona njia ya kukupa, ningekupa," alisema mwisho. "Lakini mimi nabeba ndizi hizi kwa kukodi. Na watoto wangu hawana kitu cha baba yao, hata kofia. Nisamehe, dada."

Baba Zuhura alisogea. Alimwandikia kwenye kipande cha boksi namba ya chesisi na mambo ya kuuliza kwa chifu na mahakamani, akamweleza asimkabidhi mtu yeyote karatasi halisi. Nilimtumia picha zote, ile ya fomu yenye sahihi ikiwa ya kwanza, maana Baba Zuhura alikuwa ameipiga kimya kimya kabla ya kuikunja. Mama Mumbua alitupa mkungu mzima wa ndizi, akakataa malipo. Ugoro aliuchukua pia, akasema anamjua bibi halisi wa kumpa.

Mpaka naandika haya, chifu amemwita Kyalo, na gari limezuiwa lisitoke mpaka mahakama iseme. Mama Mumbua alinipigia jana kunieleza. Hajaushika bado usukani, lakini sauti yake ilikuwa ya mtu aliyeshika kitu.

Holili, Moshi, nyumbani

Kuvuka Holili kulikuwa kwepesi, tukiwa na mkungu wa ndizi tu. Kuanzia Moshi hadi Babati Baba Zuhura alilala akikoroma, nami nilitunga uongo wa kumwambia Baba kuhusu siku nilizopotea. Nilitunga wa aina tatu, wote mzuri.

Nilimkuta barazani Sigino, saa kumi jioni. Nilivuta stuli, nikamwambia ukweli. Nilianza na simu, nikamaliza na ndizi. Alisikiliza bila kusogeza fimbo.

"Umemwachia yule mama," alisema.

"Nimemwachia. Nisamehe, Baba. Uliiuza kwa ajili yangu, nami nimeshindwa kukurudishia."

"Nani amekwambia niliiuza kwa ajili yako?"

Nilimtazama usoni.

"Ada yako ilitoka kwa ng'ombe wawili wa babu yako. Gari niliuza kwa sababu ya mama yako." Alipapasa hewa kwa mkono wa kushoto, taratibu, kama mtu anayetafuta mlango gizani. "Nilikuwa nikipanda mlima nasikia kimya upande huu. Nikigeuka, kiti. Nilimwambia Mutiso achukue siku ileile, hata bei sikubishana."

"Lakini kila siku unauliza gari halijafika."

"Naliulizia," alikubali. "Ningefanya nini na gari, mwanangu, kwa macho haya? Nataka nisikie mtu anaongea."

Nilihamisha stuli nikaketi kushoto kwake. Sikujua nianzie wapi, basi nikaanzia na wewe, Mwalimu wa jiografia, na habari ya kuku wako aliyeingia darasani siku ya ukaguzi. Nikaja kwa jirani wa Maisaka aliyeuza mbaazi mara mbili. Nikasema ya Baba Zuhura na strungi, na Baba akacheka kwa kifua, kicheko nilichokuwa sijakisikia tangu nikiwa msichana. Upepo ulianza kushuka kutoka upande wa mlima. Aliweka mikono yote miwili juu ya fimbo, akaishika sawasawa.

"Funga kioo, mama," akasema. "Tunaanza kupanda, na habari bado."

"Nimefunga," nikamwambia, nikavuta kitenge juu ya magoti, nikaendelea.